SEHEMU YA 7: Ile page inayokuita jina

Wamama wenzangu, na nyie akina baba mnaosoma kimya kimya, niliwaahidi uchungu wa kweli na uchungu wa uongo. Utasubiri kidogo, maana kuna jambo limejirudia kliniki na nataka tulimalize kwanza.

Wengi wenu mna ile page ya ujauzito kwenye simu. Unaweka jina lako, unaweka tarehe ya siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, unabofya. Inakuja: "Habari Rehema, leo ujauzito wako una wiki 24." Raha iliyoje! Imekuita jina kabisa, wakati sisi manesi asubuhi ya foleni tunaita "wewe mama wa kitenge cha njano".

Sasa tuangalie inavyofanya kazi. Kadi yako ya kliniki unaijua: ilichapwa zamani, kabla hujabeba mimba, ikaachwa nukta nukta za kujaza. Page ni hivyo hivyo. Kuna mtu alikaa akaandika maneno yote mara moja kwa wamama wote, akaacha nafasi. Hicho ndicho wanachoita kiolezo. Ila kwenye nafasi hakuweka nukta, aliweka maagizo kwa kompyuta. Haya maagizo wataalamu wanayaita kodi (si ile ya mwenye nyumba, ile inauma zaidi). Yamechomekwa katikati ya sentensi ya kawaida, namna hii:

Leo ujauzito wako una wiki <?php echo $wiki; ?>.

Usiogope. Hizo alama za mwanzo zinasema "maagizo yanaanzia hapa", za mwisho zinasema "yameishia hapa". Katikati ni: andika hapa idadi ya wiki. Lugha yenyewe inaitwa PHP. Aliyeianzisha ni Rasmus Lerdorf, mwaka 1994, kwa ajili ya page yake binafsi tu, na leo tovuti zote za WordPress zinaitumia.

Kitu cha kushika ni hiki: hesabu haifanyiki kwenye simu yako. Inafanyika huko mbali, kwenye kompyuta inayoitwa seva. Seva inasoma kiolezo, ikifika kwenye maagizo inayatekeleza, inaweka jibu, halafu inakutumia sentensi iliyokamilika. Maagizo yenyewe huyaoni. Unaona "wiki 24" imekaa vizuri kana kwamba kuna mtu amekupima.

Sasa kisa chenyewe. Tarehe 20 Januari 2026 alikuja mama mmoja, mimba ya kwanza, macho mekundu kwa kulia. "Nesi, nimepitiliza. Niko wiki ya 41 na hakuna hata dalili." Akanionyesha simu: tarehe ya makadirio ilikuwa 11 Januari, imepita siku tisa. Kwenye mkoba alikuwa na chupa ya dawa ya miti shamba aliyoletewa na shangazi, ya "kuamsha uchungu". Alipanga kuinywa jioni hiyo. Akaona apitie kwetu kwanza kuuliza kama inachanganywa na vidonge vya damu.

Kadi yake ilikuwa inasema 11 Machi. Nikamlaza, nikapima kimo cha mfuko wa uzazi kwa tepu: sentimita 32. Kwa mimba ya mtoto mmoja, sentimita hukaribiana na idadi ya wiki. Hedhi ya mwisho ilianza tarehe 4 mwezi wa sita, alikuwa na uhakika kwa sababu siku hiyo walihamia nyumba mpya. Basi wiki zake zilikuwa 32 na siku sita. Mtoto bado hajaiva, mapafu bado. Na mwajua dawa zile hazina kipimo: zinaweza kukaza mfuko wa uzazi mfululizo mpaka mtoto akose hewa, au mfuko wenyewe ukachanika.

"Lakini hii imeniita jina," akasema. "Na nilijaza mwenyewe."

Ni kweli alijaza mwenyewe, na alijaza sawasawa: 4/6/2025. Jioni nikampigia mdogo wangu anayetengeneza tovuti. Hakuweza kuona maagizo ya page ile, nimeshawaambia yanabaki kwenye seva. Akafanya alichoita kuionja. Akaweka 4/6/2025 yenye vistari vya kulala: ikatoka 11 Januari. Akaweka 4-6-2025 yenye vistari vya katikati: ikatoka 11 Machi! Siku ile ile, mama yule yule. Akaniambia PHP ina kanuni yake: ikiona kistari cha kulala, inasoma kama Wamarekani, mwezi kwanza halafu siku. Kwa hiyo tarehe 4 mwezi wa sita ikawa tarehe 6 mwezi wa nne. Siku 59 zimeongezeka kwa kistari. Wenye page walitakiwa kuiambia isome kama sisi, hawakuiambia.

Mdogo wangu hakuishia hapo, akaweka 13/6/2025. Mwezi wa 13 haupo, maagizo yakakwama, seva ikarudi kwenye siku inayoanzia kuhesabu, 1 Januari 1970. Page ikampongeza kwamba atajifungua 8 Oktoba 1970. Nilicheka mpaka machozi. Ila yule wa Januari kosa lake halikuchekesha, kwa sababu lilionekana kama kweli.

Kwa hiyo ukijaza, angalia kama page imekurudishia tarehe kwa jina la mwezi: "4 Juni". Kama haikurudishii, hesabu mwenyewe siku 280 toka hedhi ya mwisho, au ulinganishe na kadi. Tofauti ya siku mbili tatu isikutishe, sisi tunajumlisha siku 7 na kurudi nyuma miezi mitatu, na miezi haina urefu sawa. Tofauti ya wiki, njoo nayo kliniki, pamoja na karatasi ya ultrasaundi kama uliwahi kupiga mapema. Na kama mzunguko wako si wa siku 28, tuambie, page nyingi hazikuulizi.

Kuna jingine, nalisema taratibu. Kiolezo kina "kama" zake: kama wiki zimezidi 40, andika "umepitiliza". Lakini wengi hawakuandika "kama mama amempoteza mtoto". Mama mmoja alipoteza mimba ya wiki 20, na kila Jumatatu simu ikawa inamwambia mtoto wake sasa anasikia sauti. Hakumwambia mtu wiki nne. Ukiwa na ndugu aliyepata msiba huo, usimwachie kazi hiyo. Chukua simu yake kwa ruhusa yake, ingia pale, ufute au uzime zile taarifa.

Damu ikitoka, chupa ikipasuka, kichwa kikiuma sana na macho kuona ukungu, mtoto akiacha kucheza, njoo saa hiyo hiyo hata usiku, page iseme wiki yoyote inayotaka.

Yule mama alijifungua Machi, mtoto wa kike, kilo 3.1. Chupa ya shangazi aliniachia mezani siku ile ile, nikaimwaga.

Sehemu ya 8 ni uchungu wa kweli na wa uongo. Safari hii sikwepi.