Inchi Tunazo, Jina Hatuna

Riwaya ya Maggie O'Farrell, The Marriage Portrait, inamhusu Lucrezia de' Medici, aliyeozwa kwa Alfonso d'Este wa Ferrara mwaka 1558, akiwa na miaka 13. Mwaka 1561 akafariki, ana miaka 16 tu. Watu wakanong'ona: mume kamtilia sumu.

Niliisoma hapa Bukoba, mawazo yakaenda kwa jirani zetu wa Karagwe. Kule Rumanyika na ndugu yake Rogero waligombea kiti cha baba yao. Mwaka 1861, miaka 300 baada ya Lucrezia, Mwingereza Speke alifika kwa Rumanyika, akampima shemeji wa mfalme, mama aliyenoneshwa kwa maziwa: mkono inchi 23, kifua inchi 52. Binti yake, wa miaka kama 16, alikuwa akinywa maziwa, baba kashika fimbo.

Inchi tunazo. Majina yao Speke hakuyaandika.

Bibi yangu mzaa baba, wa Muleba, alipoolewa aliitwa omugole, kisha mama fulani. Juzi nimemuuliza shangazi: kwao bibi aliitwaje? Kanyamaza kidogo. "Ngoja nimuulize kaka, mwanangu."

Bado nangoja.