Neno la Mwaka na Amana ya Wakala: Barua ya Nasaha kwa Mjukuu

Tukuyu, mwishoni mwa Desemba

Kwa mjukuu mpendwa, aliyeko Mbeya mjini.

Neno la mwaka, kwa maana inayokusudiwa katika barua hii, ni neno moja au fungu fupi la Maandiko ambalo Mkristo hulishika tangu tarehe 1 Januari ili limwongoze, limkumbushe na, pale inapobidi, limkemee mpaka mwaka uishe. Mjukuu ameuliza namna ya kulichagua, naye amedokeza kwamba moyo wake umeelekea neno “mafanikio”, kwa kuwa Januari ndiyo anafungua kibanda chake cha uwakala wa fedha kwa simu. Swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana, na babu yake ameona si haki kulijibu kwa mstari mmoja wa ujumbe wa simu.

Inafaa kuanza na chimbuko, kwa sababu Kanisa la Moravian, ambamo mjukuu alibatizwa, lina historia ndefu katika jambo hili. Mwaka 1722 wakimbizi wa imani kutoka Moravia walipewa hifadhi katika ardhi ya kabaila Nikolaus Ludwig von Zinzendorf huko Saxony, nchini Ujerumani, wakajenga kijiji walichokiita Herrnhut, jina lenye maana ya kuwa chini ya ulinzi wa Bwana. Jioni ya tarehe 3 Mei 1728 Zinzendorf aliwapa wanakijiji neno la kwenda nalo siku iliyofuata, na tangu hapo ikawa desturi ndugu mmoja kupita asubuhi katika nyumba 32 za kijiji kile, akibisha hodi, akilitamka neno la siku na kujua hali za waliomo ndani. Kitabu cha kwanza cha maneno hayo kilichapwa kwa ajili ya mwaka 1731, nacho kimeendelea kutoka mwaka hadi mwaka, na leo husomwa katika lugha zaidi ya 50. Wamisionari walioanzisha kituo cha Rungwe mwaka 1891, wakiongozwa na Theodor Meyer, walitoka katika jamaa hiyohiyo, kwa hiyo mjukuu anapouliza habari ya neno la mwaka anauliza habari za nyumbani kwake.

Jina ambalo watu wa Herrnhut walilipa neno hilo linastahili kutazamwa kwa makini. Waliliita Losung, istilahi ya Kijerumani inayotumika kwa neno la siri la askari, yaani lile ambalo mlinzi wa lindo la usiku humdai mtu anayekaribia gizani ili ajue kama ni wa kwao au ni adui. Neno la namna hiyo halichaguliwi na askari kwa kuwa linampendeza. Hupewa na mkuu wake jioni, hulibeba moyoni, na thamani yake huonekana saa ile anapoulizwa. Wenye kijiji kile waliona kwamba mchana wa mtu wa kawaida nao una malindo yake: sokoni, shambani, mezani na kitandani wakati wa ugonjwa, na kwamba mwamini huhitaji kuwa na neno alilokwisha kupewa kabla ya kufika hapo, maana akiwa amekwisha kubanwa ni nadra apate nafasi ya kutafuta.

Namna maneno hayo yanavyopatikana inafundisha jambo lilelile. Fungu la Agano la Kale kwa kila siku hupatikana kwa kura, yaani kwa kuchota vijikaratasi vyenye namba kutoka katika akiba ya mafungu yapatayo 1,800, na kazi hiyo hufanywa miaka mitatu kabla ya mwaka husika, kisha fungu la Agano Jipya huteuliwa ili liambatane nalo. Anayechota hajui siku ile italeta arusi au msiba. Neno la mwaka mzima lilikuja baadaye: mwaka 1930 mchungaji Otto Riethmüller, aliyehudumu miongoni mwa vijana wa Kiinjili wa Ujerumani, alianza kuwapa vijana hao fungu moja la kushika mwaka wote, katika nyakati ambazo barabara za nchi ile zilikuwa zimejaa makelele ya kaulimbiu za kisiasa. Neno hilo halipigiwi kura; huteuliwa na baraza la wajumbe wa makanisa mbalimbali, wakiwemo Wakatoliki, baada ya mashauriano, nalo pia hutangulia mwaka wake kwa miaka kadhaa. Njia hizo mbili, kura na baraza, zinatofautiana sana, lakini zinakutana mahali pamoja, kwamba hakuna anayejipa neno mwenyewe akiwa peke yake na haja zake.

Hapo ndipo babu anapolitazama kwa wasiwasi jambo lililoenea siku hizi. Katika mikesha mingi ya mwaka mpya, ikikaribia saa sita usiku, hutangazwa kwamba mwaka unaoingia ni mwaka wa kuinuliwa, au wa mavuno, au wa milango kufunguka, na watu huitikia kwa vigelegele, wakaondoka na neno hilo limechapwa kwenye fulana na kalenda. Furaha ya usiku ule si ya kubezwa, maana kumshukuru Mungu kwa kuvuka mwaka ni wajibu. Hata hivyo tangazo la namna hiyo ni kaulimbiu, nalo jina lenyewe la Kiswahili limeshasema: ni kauli inayopigwa kama mbiu, ile pembe ya kuita umati. Kaulimbiu humwambia mtu kile anachotamani kusikia na humwahidi vitu, bila kumdai lolote. Ikifika Agosti mavuno hayajaonekana, msikilizaji hubaki na mambo mawili mabaya ya kuchagua, ama aione ahadi kuwa ya uongo, ama ajione yeye kuwa na imani pungufu, na wengi, kwa unyenyekevu wao, huchagua la pili na kuumia kimyakimya. Jambo hilo ni dhuluma, hata kama waliolitangaza walikuwa na nia njema.

Fungu linalochaguliwa mno kwa mwaka mpya, Yeremia 29:11, linaonyesha jinsi neno linavyoweza kupotoshwa kwa kunyofolewa mahali pake. Linazungumzia mawazo ya amani ambayo Bwana anawawazia watu wake, na kwa hiyo huandikwa kwenye kadi kama ahadi ya mambo mazuri ya karibuni. Lakini sura yenyewe ni barua, iliyotumwa kwa watu waliochukuliwa mateka mpaka Babeli, na mstari unaotangulia huo unataja miaka 70, maana yake ni kwamba wengi wa watu wazima walioisikia ikisomwa wangefia ugenini. Waliagizwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuozesha, na wauombee heri mji uleule uliowateka. Mtu akilishika fungu hilo pamoja na miaka yake 70 amepata neno la kumtosha mwaka wowote, hata mwaka wa kiangazi.

Kuhusu “mafanikio”, babu halikatai neno hilo, kwani Maandiko yanalitumia, na mjukuu ana haki ya kutaka biashara yake isimame. Ila mafanikio ni tokeo, na tokeo halimwongozi mtu asubuhi anapofungua dirisha la kibanda, kwa sababu halimwambii afanye nini. Neno la kuongoza linafaa liwe lile linaloweza kutendwa leo hata kama wateja hawakuja. Ndiyo sababu babu anapendekeza mjukuu alitafakari neno “uaminifu”, na pendekezo hili lina msingi katika lugha na katika kazi yenyewe.

Amini, imani, amani, amana na uaminifu ni ukoo mmoja wa maneno, kutoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya usalama na kutokuwa na hofu. Mzizi huo una ndugu yake katika Kiebrania, ambako ndiko limetoka neno “amina” la kufungia sala, pamoja na neno emuna, linalofasiriwa kuwa uaminifu. Katika Kutoka 17, vita dhidi ya Waamaleki vinapopamba moto na mikono ya Musa iliyoinuliwa inapochoka, Haruni na Huri wanamketisha juu ya jiwe na kuishikilia, mmoja upande huu na mwingine upande huu, na mikono hiyo inakuwa thabiti hadi jua kuchwa. Neno la Kiebrania linaloeleza hali ya mikono hiyo ni emuna. Kwa hiyo uaminifu, katika picha hiyo, ni mikono ya mtu aliyechoka kweli, ambayo haikushuka kwa kuwa ilikuwa na wa kuishika.

Tena, wakala na wakili ni maneno ya mzizi mmoja, yote yakihusu mtu aliyekabidhiwa jambo la mwingine. Biblia ya Kiswahili ya Muungano, iliyotoka kamili mwaka 1952, inapofasiri 1 Wakorintho 4 inawaita mitume mawakili, na hapo Paulo anataja sifa moja tu inayodaiwa kwa watu wa namna hiyo, nayo ni uaminifu. Mjukuu atakayeketi nyuma ya dirisha lenye bango la wakala atakuwa ameketi chini ya neno hilo la Paulo, alijue asilijue.

Utendaji wake ni wa karibu sana. Jioni wakala huhesabu fedha taslimu zilizomo kwenye droo, akajumlisha na floti iliyobaki kwenye simu, na jumla hiyo, kamisheni ikiwekwa kando, inapaswa kulingana na mtaji aliofungulia asubuhi. Tuseme mtaji ulikuwa shilingi 1,000,000, floti ikawa 640,000 na droo ikatoa 370,000. Shilingi 10,000 zilizozidi hazikuanguka kutoka mbinguni. Kuna mtu aliyekuja kutoa fedha akapewa pungufu na hakuhesabu. Neno la mwaka, kama ni uaminifu, linamtaka wakala arudie miamala ya siku hiyo mmoja mmoja, aandike ziada hiyo daftarini pamoja na tarehe, na aitenge mpaka mwenyewe apatikane. Vilevile atakuja mama mzee asiyejua kusoma, atamnyoshea simu kupitia dirishani na kumtajia namba yake ya siri kwa sauti, foleni nzima ikisikia. Kumfundisha mama huyo kuibonyeza mwenyewe, taratibu, hata kama foleni inanung’unika, ni amana iliyolindwa. Neno la siri la Herrnhut na namba ya siri ya mama huyo vinakutana kwenye dirisha moja.

Yafaa pia kuonya kwamba neno la mwaka si hirizi. Kulibandika ukutani hakumlindi mtu na wezi wala na hasara, na wale wanaofumba macho, wakafungua Biblia popote na kuweka kidole, wakadhani wamepata agizo, wanaichezea kura bila kuwa na jamaa ya kuwapima. Mjukuu asilishike neno lolote, hata hili la babu, kabla ya kulisoma katika sura yake nzima, kuliombea kwa siku kadhaa, na kumshirikisha mchungaji wake au mama mlezi wa kwaya, mtu ambaye katikati ya mwaka, mathalani Juni, atakuwa na ruhusa ya kumuuliza limefikia wapi. Haruni na Huri walikuwa wawili.

Bibi anamsalimu mjukuu na kumwarifu kwamba ndizi na parachichi zitapakiwa katika basi la asubuhi Jumamosi, zipokelewe stendi kabla ya saa nne. Juu ya mzigo limewekwa daftari jipya lenye jalada gumu, la kuandikia miamala. Ukurasa wake wa kwanza umeachwa mtupu.