Sauti ya Gitaa na Upungufu wa Umeme

Sauti ya marehemu ni amana ngumu kutunza. Maandishi hupigwa chapa upya na picha hunakiliwa, lakini sauti ya gitaa iliyojaa ukumbi usiku mmoja haina hazina nyingine ila masikio ya waliokuwapo, nayo masikio huzeeka pamoja na wenyewe.

Mbaraka Mwinshehe, aliyezaliwa mwaka 1944 na kufariki kwa ajali ya gari huko Mombasa Januari 1979, aliacha nyimbo nyingi zilizorekodiwa, kwanza akiwa na Morogoro Jazz Band, kisha, tangu 1973, akiwa na Super Volcano yake. Kumbukumbu hizo zimehifadhi nyimbo, hazikuhifadhi ukumbi. Katika chumba cha kurekodia gitaa la solo hutiwa adabu lisiwafunike waimbaji. Dansini hufunguliwa mpaka mashine iugue.

Katika mji wa Singida, baina ya maziwa ya chumvi ya Singidani na Kindai, fundi redio mmoja alipata amplifaya kuukuu ya valvu, iliyotumika zamani kuhubiria. Alitaka kuifanya itoe sauti ile ya dansini. Hakimu wake alikuwa mjomba wake, mzee aliyecheza dansi Morogoro katika ujana wake na kusimama hatua chache kutoka spika za Mbaraka.

Kazi ilianza kwa tahadhari, maana mashine za namna hii hubeba volti mia tatu na zaidi, na kapasita zake huweza kumwangusha mtu hata baada ya waya kuchomolewa. Kapasita zilizokauka zilitolewa. Mlango wa kipaza sauti ulibadilishwa kwa rezista ya omu milioni moja, ili gitaa lisikabwe. Mzee alisikiliza akasema, "Sivyo, mwanangu. Hiyo ni redio." Fundi akakata njia inayorudisha sehemu ya sauti nyuma ili kuisafisha, na sauti ikapata ukali. Mzee akatikisa kichwa tena. Safari hii hakusema neno, na ukimya huo ulimuuma fundi kuliko lawama.

Ikafika jioni moja, taa za mtaa mzima zikafifia. Kipimo kilionyesha volti 190 mahali pa 230. Fundi alikuwa akijaribu nyuzi tu, wala hakuwa na nia ya kumwita mtu. Noti ilitoka laini, ikakawia kidogo kama mtu anayevuta pumzi, ndipo ikachanua. Mzee, aliyekuwa ukumbini akinywa chai, aliweka kikombe chini.

"Ndiye," alisema.

Sababu yake si uchawi. Umeme unapopungua, valvu hufikia kikomo chake mapema. Kishindo cha kwanza cha uzi hubanwa, na mkia wa sauti huonekana kuinuka. Edward Van Halen, katika Marekani ya miaka ya 1970, aliipunguzia Marshall yake umeme kwa makusudi, akapata sifa ya dunia nzima. Bendi zilizopiga mahali ambapo jenereta lilichoka kabla ya wachezaji zilipewa jambo hilo hilo bila kuliomba. Huenda basi kitu ambacho fundi alikitafuta ndani ya sanduku kilikuwa ukutani siku zote, na marekebisho yake yote yaliifanya mashine iwe nzima kuliko ilivyopasa.

Walakini palibaki shaka, na fundi hakuificha. Je, mzee alitambua gitaa, au giza lile dogo lilimrudishia ujana wake? Kesho yake alifunga transfoma ya kupunguza umeme, akapiga mchana kweupe, mara kwa volti 230, mara kwa 190, bila kumwambia mjomba lipi ni lipi. Katika majaribio kumi mzee alichagua 190 mara nane. Mara mbili alizokosa aliomba radhi, akasema sikio la kushoto halisikii tena vizuri tangu masika.

Fundi alichukua chaki akaandika 190 ndani ya kifuniko cha mashine, na chini yake tarehe. Kisha akamwomba mjomba aketi tena, maana spika ilikuwa bado haijachaguliwa.