Jirani Katika Siku ya Maafa

Miongoni mwa filamu za Marekani zihusuzo mwisho wa dunia, iko moja iliyotoka mwaka 2020, iitwayo Greenland. Nyota yenye mkia inapasuka, na vipande vyake vinakuja kuiteketeza dunia. Serikali inawachagua watu wachache wa kuhifadhiwa katika mahandaki. Baba, mama na mtoto wao wamo katika orodha; lakini mtoto ana kisukari, na kwa ajili hiyo wanakataliwa ndegeni. Wanapotezana, na sehemu kubwa ya filamu ni jitihada yao ya kukutana tena.

Sisi tuliokulia Mji Mkongwe, tukaenda Majestic ya Vuga na Cine Afrique ya Malindi kulia pamoja na jamaa wa filamu za Kihindi, hatuwezi kuibeza hadithi ya namna hii. Hata hivyo, lililotukaa moyoni si moto wala mawe. Ni jirani. Mwanamke asiyechaguliwa anawasihi wamchukue binti yake tu. Nao wanatia gari moto na kwenda zao. Mtunzi amewapa hoja: mtoto yule angekataliwa huko mbele. Hoja ni ya kweli, nasi tuliikubali huku tumeinamisha macho.

Kiyama tulichofundishwa chuoni ni siku ambayo kila mtu atakuwa na lake, hata mama asimkumbuke mwanawe. Filamu hii, kwa maoni yetu, haioneshi Kiyama. Yaonesha maafa, na katika maafa mtu bado ana hiari.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander, ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama katika mkondo wa Nungwi. Ilikuwa imejaa kupita kiasi; orodha ya abiria haikuwa na maana tena. Watu walielea juu ya magodoro gizani. Wavuvi walitoka na vyombo vyao, na waliookolewa walizidi 600. Waliopotea ni wengi mno. Tusijisifu: aliyeijaza meli na aliyekwenda kuwaopoa abiria wake wote ni watu wa visiwa hivi.

Mwalimu atakayeionesha filamu hii darasani asiwaulize wanafunzi kama familia ile ilinusurika. Hilo watalijua wenyewe. Awaulize yule binti wa jirani aliitwa nani.