Basi Lililosimama Kuchukua Abiria

Kalemela nilikuwa nikiisikia kwa shemeji yangu tu, mwalimu wa Kiingereza, ambaye tangu ahamishiwe huko hakuchoka kunialika. Safari hii aliweka sharti: nije Januari, kidato cha kwanza kinapoanza, nimsaidie kozi ya awali ya Kiingereza. Nikapanda basi la Musoma pale Nyamhongolo, Mwanza, begi mapajani na ndani yake kitabu kinene cha sarufi.

Kisesa, Nyanguge, Magu. Majabali ya Mwanza yalibaki nyuma, ardhi ikatandaa, mashamba ya pamba na mpunga yakawa yanapokezana, na kushoto kwetu Ghuba ya Speke ikachungulia na kujificha. Ukitaja Simiyu wengi hufikiria Bariadi, makao makuu ya mkoa, lakini basi hili halipiti huko. Kalemela iko wilaya ya Busega, ambayo hadi 2012 ilikuwa sehemu ya wilaya ya Magu, mkoa wa Mwanza. Mama niliyekaa naye aliniambia anakwenda Magu, na Magu tulikuwa tumeshaiacha nyuma. Kwake yeye mipaka mipya ni ya serikali.

Basi likasimama. Likaondoka, likasimama tena. Mzee mmoja wa nyuma akapaza sauti: “Konda, acheni kuchukua watu, tumejaa!” Konda akajibu bila kugeuka: “Mzee wangu, hawa si watu, ni wanafunzi.” Kwa nauli wanayolipa, sikushangaa.

Kesho yake kitabu kinene nilikiacha mezani kwa shemeji. Kina orodha ndefu: vitenzi hivi vinafuatwa na *to*, vile vinafuatwa na *-ing*, kariri. Watoto hawa wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kama ilivyo katika shule nyingi za serikali tangu 1967, na sasa karibu kila somo linawajia kwa Kiingereza. Orodha wanazo za kutosha. Niliandika ubaoni sentensi mbili tu:

*The bus stopped to pick up passengers.*
*The bus stopped picking up passengers.*

Darasa zima likasema ni jambo lile lile. Nikawasimulia ya konda na yule mzee, kisha nikawaomba waseme kwa Kiswahili kila mmoja alikuwa anataka nini. Hapo hawakusita: konda *alisimama kuchukua* abiria, mzee alitaka *aache kuchukua* abiria. Tofauti wanayo siku zote. Ila sisi tunaibebesha kitenzi cha kwanza, kusimama au kuacha, na mkia unabaki *kuchukua* kotekote. Mwingereza hubakiza *stop* pale pale akageuza mkia.

Hiyo *kuchukua* yetu ni kitenzi-jina, na inafanya kazi mbili bila kulalamika. “Nataka kusoma” ni *I want to read*. “Kusoma kwake kunanifurahisha” ni *his reading pleases me*. Kisukuma wanachozungumza nyumbani nacho hupitisha yote mawili kwenye mlango mmoja. Kiingereza kina milango miwili kwa sababu za kihistoria: *to* ilikuwa neno la kuelekea mahali, na *-ing* ilianza kama kiambishi cha kuunda nomino ya tendo. Ndiyo maana *to* mara nyingi hutazama jambo ambalo bado, na *-ing* jambo lililopo au lililokwisha. *Remember to close the gate*: kumbuka kufunga geti. *I remember closing the gate*: nakumbuka nilifunga geti. Angalieni, niliwaambia, hapa Kiswahili kimeachana na *ku-* na kuleta sentensi nzima yenye wakati uliopita.

Kanuni hiyo haifiki kila mahali. *Enjoy* hutaka *-ing* na *want* hutaka *to*, na hakuna hoja itakayowabadilisha. Hayo ni ya kuzoea. Lakini palipo na kihusishi jibu ni moja: *good at fishing*, *interested in farming*. Barua zetu za kuomba kazi humalizika kwa *looking forward to hear from you*, hata za wenye shahada. *To* ile ni kihusishi, ile ile ya kuelekea mahali, kwa hiyo *hearing*.

Shemeji akaandika: *My father made me herd cattle.* Mvulana wa mbele akauliza, “Sir, mbona hapa *to* hakuna?” Kabla sijafungua kinywa msichana wa dirishani akamgeukia: “Na wewe mbona unasema ninakula, husemi ninala?” Darasa likaangua kicheko. Nilitamani jibu hilo lingekuwa langu. Shemeji akaigeuza sentensi: *I was made to herd cattle.* Yule mvulana akaitazama. “Kumbe ukitendwa, *to* inarudi.”

“Inarudi.”

“Na *sili*, je? Mbona *ku* imeondoka tena?”

Shemeji akafuta mikono chaki. “Hilo muulizeni mwalimu wa Kiswahili. Kipindi chake ndicho kinachofuata.”