Mazida na Inkisari Maabarani

Wasiosoma fizikia aghalabu hudhani kuwa ugumu wake wote umo katika hesabu. Hesabu zipo, na mwaka wa kwanza wa chuo hauna huruma nazo. Kijana aliyetoka skuli akijiona bingwa hujikuta usiku wa manane akiukodolea macho mstari mmoja wa kalkulasi. Lakini hesabu ikipotoka, mwenzako atakuonyesha mahali ilipopotokea. Panapomfunua mtu ni maabara, mara moja kwa wiki, saa tatu, na daftari ambalo halitakiwi kufutwa kitu.

Kuna na habari ya lugha, ambayo haikwepeki. Fizikia husomeshwa kwa Kiingereza tangu sekondari, na kijana wa Unguja au Pemba hufika chuoni na ghala mbili za maneno zisizopigiana hodi. Katika moja yamo bamvua na maji mafu, tanga na demani. Katika nyingine zimo fomula. Kamusi sanifu ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia ilitolewa mwaka 1990, ila maabara zetu haziisemi lugha yake. Hata neno la kila siku kama uzito humchezea mwanafunzi, kwani sokoni linabeba mambo mawili ambayo fizikia imeyatenga: wingi wa kitu chenyewe, na nguvu ambayo ardhi inakivuta nayo.

Msichana mmoja kutoka Pemba, mtoto wa mshairi, alikutana na tofauti hiyo katika muhula wake wa kwanza kwenye chuo kimoja cha mwambao huu. Nyumbani kwao mizani ilikuwa neno la shairi kabla haijawa neno la duka. Alimzoea babaake akihesabu silabi kwa vidole, nane kwa nane, na kuurudisha mstari wa mtu mzima mwenziwe kwa sababu ya silabi moja iliyopungua.

Zoezi alilopewa ni la zamani na halina gharama. Tufe dogo la chuma hufungwa uzi, mfano wa timazi ya mwashi, likatundikwa na kuachwa liyumbe. Hupimwa urefu na muda wa kwenda na kurudi, na kutokana na viwili hivyo hupatikana mchapuko wa uvutano, yaani kasi inayoongezeka kila sekunde kwa kitu kinachoanguka. Mwongozo wa maabara ulikwishaandika jibu: 9.81, mita kwa sekunde kwa sekunde.

Na hapo ndipo penye mtego. Anayelijua jibu kabla ya kupima hapimi, bali anatafuta. Akipata 9.6 hurudia, akipata 9.9 hurudia, akipata 9.81 huweka saa chini na kwenda kunywa chai. Wapo wasiofika hata huko. Huanza na 9.81, wakarudi kinyumenyume kwa fomula mpaka kwenye sekunde ambazo saa ingelipaswa kuonyesha, kisha wakatia vijikosa viwili vitatu ili daftari lisionekane safi kupita kiasi. Hila hii ina ufundi wake, na wanafunzi hurithishana mwaka hata mwaka kama wanavyorithishana godoro.

Watu wa ushairi wana majina ya kazi hiyo. Kufupisha neno ili mizani itimie ni inkisari. Kulirefusha ni mazida. Mshairi amepewa ruhusa hiyo kwa kuwa haifichi: msikilizaji akisikia "alokuja" anajua kuwa ni "aliyekuja", wala hakudanganywa. Mazida ya maabarani hayana msikilizaji wa namna hiyo. Tarakimu iliyorefushwa husimama katika daftari kama iliyozaliwa vile.

Yule binti alipima urefu mita moja kamili, kutoka penye fundo la juu hadi katikati ya tufe, akaliachia kwa pembe ndogo na kuhesabu miyumbo 100. Alifanya hivyo mara 5. Wastani ulikuja sekunde 200.9, na hesabu ikatoa 9.78, na shaka ya 0.02 upande huu au huu. Mwenziwe wa meza alimshauri aandike 200.6, kwani sekunde 0.3 ni kufumba jicho tu. Ni kweli, ni kufumba jicho. Aliacha 200.9. Daftari liliporudi, 9.78 ilikuwa imezungushiwa wino mwekundu, na alama 3 kati ya 20 hazipo.

Sasa, kilichomuudhi si alama peke yake. Hakuwa na njia ya kujua kama amekosea yeye, au uzi, au saa, au mwongozo. Hali hiyo ndiyo fizikia yenyewe, ingawa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hana wa kumwambia hivyo. Aliingia maktaba, na maktaba ikampeleka karne ya 17. Mwaka 1672 mwanaastronomia wa Ufaransa, Jean Richer, alikuwa Cayenne, Amerika ya Kusini, nyuzi 5 tu kaskazini ya ikweta. Saa yake ya pendulamu, iliyokwenda sawasawa Paris, huko ilichelewa kiasi cha dakika 2 na nusu kwa siku, mpaka ikabidi pendulamu ifupishwe. Angeweza kuilaumu saa. Aliandika alichokiona, na Newton, katika kitabu chake cha mwaka 1687, akakitumia kuwa ushahidi kwamba dunia imevimba kiunoni.

Imevimba kweli. Kutoka kitovu cha dunia hadi ikweta ni kilomita 6,378. Hadi ncha ni 6,357. Tena dunia inazunguka, na mzunguko huo huipunguzia ikweta sehemu ya mvuto wake. Kwa sababu hizo mbili, na mzunguko ndio wenye kiasi cha thuluthi mbili, mchapuko ni 9.83 kwenye ncha na 9.78 kwenye ikweta. London unapata 9.81. Unguja, Pemba na Dar es Salaam, zilizo baina ya nyuzi 5 na 7 kusini, zinapata 9.78. Tarakimu ya mwongozo haikuwa ya uongo. Ilikuwa ya mahali pengine.

Babaake alipoelezwa kwa simu aliuliza hiyo 0.03 inamnunulia mtu nini. Akajibiwa kuwa mtu wa kilo 60 akipimwa London kwa mizani ya springi, kisha mizani hiyohiyo ikaletwa Chake Chake, ataonekana amepungua kama gramu 190.

"Na mizani ya dukani, yenye sahani mbili?"

"Hiyo haitaonyesha kitu, baba. Sahani zote mbili zitakuwa zimepungua sawasawa."

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi, mwanangu, nenda na hiyo ya springi."

Alikwenda kwa mhadhiri wake na karatasi mbili: moja ya Richer, na nyingine ya hesabu ya latitudo. Mhadhiri alizisoma akiwa amesimama. Hakuomba radhi, wala si desturi ya vyuo vyetu kumwomba radhi mwanafunzi, jambo ambalo lingefaa kuangaliwa. Alimrudishia alama 2. Ile ya tatu aliizuia, akamuuliza kama aliupima uzi kabla ya kutundika tufe au baada ya kulitundika, kwani uzi huvutika ukibeba kitu. Binti alikuwa ameupima kabla.

Swali lilikuwa la haki, na pengine ndilo swali bora aliloulizwa mwaka ule. Ijumaa alasiri, maabara ikiwa tupu, fundi wa maabara alimfungulia mlango. Alilitundika tufe kwanza, akapima urefu, akahesabu miyumbo 100 mara 5 tena. Safari hii alipata 9.77, akaiandika kama ilivyo, na shaka yake pembeni.