Maji Yaliyotulia

Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Waliotunga methali hii walikuwa wakitazama vyombo vya baharini, lakini imesafiri mpaka Butali, kaskazini mwa Kakamega, pasipo jahazi wala ngalawa, ila miwa, mahindi na barabara iendayo Webuye. Huko yuko mwanamke mmoja mwenye wajukuu ambaye maisha yake ni ufafanuzi wa methali hiyo. Anayewaona perege wake wakiogelea kwa raha hudhani maji hujitunza yenyewe. Yeye anajua kwamba maji hayo yameundwa.

Bwawa lake ni tunda la mpango wa serikali wa kufufua uchumi ulioanza mwaka 2009, ambapo kila mojawapo ya maeneobunge 140 lilipangiwa mabwawa 200, na kila bwawa mita mraba 300 na vifaranga 1,000. Si machache yaliyoachwa baadaye yakaota magugu. Lake lingali hai, na ndilo linalomlipia mjukuu wake karo.

Udongo wa huko aghalabu una uchachu. Kwa hiyo alitandaza chokaa kabla ya kujaza maji. Kisha akatia samadi, ambayo hustawisha mimea midogo mno inayoyapa maji rangi ya kijani. Mchana mimea hiyo hutoa oksijeni. Usiku huitumia, na kipimo cha pH hushuka kwa kuwa hewa ya kaboni imelimbikizana. Saa ngumu kuliko zote ni ile ya kabla ya mapambazuko. Chokaa hupunguza kupanda na kushuka huko, lakini haikuondoi. Hivyo kila asubuhi huzamisha mkono hadi kwenye kiwiko: ncha za vidole zikipotea machoni kabla ya kiwiko kulowa, mimea imezidi, na samadi husitishwa.

Msimu mmoja mawingu yalitanda siku tatu mfululizo. Alfajiri ya nne samaki walikuwa juu ya maji, wakitweta.

"Kukhu, tuwape chakula wapate nguvu?" mjukuu aliuliza.

"La, mwanangu. Chakula kitaoza, kiwanyang'anye hata hewa iliyobaki."

Jirani alishauri maji yote yamwagwe, yaingizwe mapya. Alimshukuru, kisha akafungua mfereji wa chemchemi kidogo tu, maji yakianguka kutoka juu ili yabebe hewa. Walikufa wachache. Pengine tiba ya haraka ingewaua wengi zaidi, maana samaki hustahimili maji yenye upungufu kuliko maji yanayobadilika ghafla.

Wafugao matumbawe katika matangi ya vioo wanaijua kanuni hiyo. Maji ya bahari huwa na takriban gramu 35 za chumvi kwa kila kilo, na pH inayokaribia 8.1. Maji ya tangi yakipungua kwa mvuke, chumvi hubaki. Basi pengo huzibwa kila siku kwa maji yasiyo na chumvi. Tumbawe nalo hunyonya kalisi kujengea mifupa yake, na kilichonyonywa hurudishwa haba na haba. Bahari yenyewe ilitoa ushahidi mwaka 1998, joto lilipozidi kiwango cha kawaida na matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yakapauka na kufa.

Kiswahili kimetenganisha maneno mawili ambayo msomaji mwenye haraka huyachanganya: kutuama na kutulia. Maji hutuama yakiachwa, nayo hunuka. Utulivu ni kazi isiyoonekana, inayorudiwa kila siku na isiyopigiwa makofi, kwa sababu ikifanikiwa hakuna kinachotokea. Mjukuu aliye shuleni hajui idadi ya alfajiri zilizolipa karo yake. Anachokijua ni kwamba samaki wapo.

Maji yaliyotuama hayana mlezi. Yaliyotulia yana mtu aliyeamka kabla ya jua.